Shajara ya mradi: Benzi 240TD ya 1979 isiyo na makuu

Septemba. Gari na karatasi zake

Gari lenyewe ni Mercedes-Benz 240TD, stesheni wagoni ya dizeli ya mwaka 1979, usukani kushoto, giaboksi ya mkono yenye gia nne, rangi ya kijani kilichokolea. Nimelinunua kwa bibi mmoja mjane katika kijiji cha kusini mwa Bremen, huku Ujerumani ninakoishi. Marehemu mumewe alikuwa fundi bomba. Siku za kazi lilibeba mabomba na masinki, Jumapili likabeba watoto.

Niorodheshe kwanza vile ambavyo halina. Halina kiyoyozi. Vioo vyote vinne ni vya kuzungusha kwa mkono. Halina sentro loki, kila mlango unaufunga peke yake. Siti ni za kitambaa. Redio haikuwahi kuwekwa, na tundu lake bado limezibwa na kifuniko cheusi cha kiwandani. Katika nakala ya oda ambayo bibi aliitunza ndani ya bahasha pamoja na risiti za oili, mteja alilipia ziada mbili tu: kulabu ya kuvutia trela, na siti ya tatu ya watoto inayotazama nyuma kule kwenye buti.

Kwetu, Benzi ni gari la wabenzi, na msomaji aliyekulia Tanga au Nairobi atashangaa Benzi gani hii isiyo na hata redio. Lakini hapa Ujerumani miaka ile mnunuzi aliketi na orodha ya bei, akachukua gari tupu, kisha akaongeza kitu kimoja kimoja kadiri ya mfuko wake. Fundi bomba alitaka injini, nafasi ya mzigo na kulabu. Marekani mambo yalikuwa mengine: stesheni wagoni ya dizeli iliyopelekwa kule ilikuwa 300TD peke yake, silinda tano, giaboksi ya otomatiki, imesheheni vifaa, na bampa ndefu zinazochomoza. Ya silinda nne na gia za mkono kama hii haikuuzwa kule kabisa.

Mfululizo wenyewe, W123, ulitoka Januari 1976. Stesheni wagoni ilionyeshwa Frankfurt mwaka 1977, na kuanzia 1978 ikatengenezwa hapahapa Bremen, kiwanda cha Sebaldsbrück, mahali ambapo zamani Borgward walikuwa wakiunda magari yao. Hadi mwanzoni mwa 1986 zilitoka karibu 200,000, kati ya W123 zote zipatazo milioni 2.7. Jirani yangu, mzee mstaafu, alifanya kazi kwenye laini ile. Siku lori lilipolishusha gari uani alitoka na viatu vya nyumbani, akafungua mlango wa nyuma, akausikiliza unavyofunga, akarudi ndani bila kusema neno. Jioni akaleta sanduku la spana.

Oktoba. Injini

Injini ni OM616: silinda nne, sentimita za ujazo 2,399, farasi 72, pampu ya dizeli ya Bosch ya mstari mmoja, kamshafti (shafti inayofungua vali) moja juu. Kwa gari la karibu tani moja na nusu, farasi 72 ni wachache, na anayetafuta mbio atafute gari jingine. Ila ukoo wa injini hii una sifa yake. Dereva teksi wa Thessaloniki, Gregorios Sachinidis, aliendesha 240D ya kizazi kilichotangulia hadi kilomita milioni 4.6, kisha mwaka 2004 akaikabidhi kwa makumbusho ya kampuni. Alibadilisha injini mara nyingi njiani, na jambo hilo watu huliruka wanaposimulia. Mimi silioni kuwa dosari. Gari ambalo injini yake unaweza kuitoa leo na kurudisha nyingine kesho kutwa, kwa zana za kawaida, ndilo gari ninalolitaka.

Kabla ya kutumia hata senti moja kwingine, nimepima mgandamizo. Unafungua plagi za kupashia moto, unafunga geji kwenye tundu, unazungusha injini kwa selfu. Silinda ya kwanza bar 22, ya pili 21, ya tatu 22, ya nne 20. Kikomo cha chini ni takriban bar 15, na tofauti kati ya silinda isizidi 3 hivi. Hapo nikajua kwamba injini ni nzima, na fedha ya mradi itakwenda kwenye bati.

Kisha tapeti, yaani nafasi ndogo inayoachwa juu ya kila vali. Hili ni jambo ambalo fundi wa magari ya siku hizi hulisahau, kwa sababu injini mpya zinajirekebisha zenyewe. Hii hairekebishiki bila mkono wako. Injini ikiwa baridi kabisa, unafungua kifuniko cha vali, unaweka fila geji, kile kibati cha kupimia nafasi, milimita 0.10 kwa vali ya kuingiza hewa, 0.30 kwa ya kutolea moshi, na unafanya kazi na spana mbili nyembamba za 14, moja ikishika na nyingine ikifungua. Ya tatu inazuia kikombe cha springi kisizunguke. Vali za kutolea moshi kwa kawaida hubana kadiri muda unavyokwenda, maana kiti chake huliwa, na zikibana sana hazifungi vizuri. Gari linakuwa gumu kuwaka asubuhi na mwenyewe anaanza kulaumu betri. Kwenye gari hili mbili zilikuwa zimebana hivyo. Baada ya kuziweka sawa, mlio wa injini umekuwa mzito na wa utulivu zaidi.

Mipira midogo ya kurudishia dizeli, ile inayopita kutoka nozeli moja hadi nyingine, ilikuwa imekauka na kutoa jasho. Mita moja ya mpira mpya wenye nyuzi, kisu kikali, kazi ya nusu saa. Nimebadilisha yote, pamoja na kizibo cha mwisho kwenye nozeli ya nne ambacho wengi hukiacha.

Filta mbili za dizeli, oili lita sita na nusu, filta ya oili inayotolewa kwa juu. Oili mpya imekuwa nyeusi kabla sijaliingiza gari barazani. Dizeli za zamani ndivyo zilivyo, anayeona aibu kwa hilo anunue ya petroli.

Oktoba, mwishoni. Cheni

Nimepima urefu wa cheni ya taimingi, ile inayozungusha kamshafti. Unaizungusha injini kwa mkono mpaka alama ya kamshafti ilingane na alama ya kiti chake, kisha unasoma puli ya chini. Cheni mpya ingesoma sifuri. Yangu inasoma digrii 5.

Si balaa, lakini ina maana, kwa sababu cheni hiyohiyo ndiyo inayoendesha pampu ya dizeli. Ikirefuka, vali zinachelewa na dizeli inachelewa. Kiwanda kinataka dizeli ianze kusukumwa digrii 24 kabla pistoni haijafika juu. Nimehakikisha kwa njia ya matone: unafungua vali ya pampu ya silinda ya kwanza, unafunga kibomba kilichopinda, unaizungusha injini polepole huku ukitazama dizeli ikitoka mfululizo, halafu ikipungua hadi kudondoka tone moja kwa sekunde. Hapo ndipo usome puli. Yangu ilikuwa 20. Nimelegeza pampu, nimeisogeza kuelekea injini, nimekaza, nimerudia matone. Sasa ni 24 na gari linapanda kilima cha daraja la reli kwa gia ya nne, ambapo zamani lilidai ya tatu.

Cheni yenyewe itabadilishwa mwakani. Mzee jirani hakubaliani nami. Anasema digrii 5 ni ujana bado. Nimemwambia, "Mzee, wewe uliziona zikiwa mpya, mimi naiona ikiwa na miaka zaidi ya arobaini." Amecheka.

Novemba. Kutu

Hapa ndipo mradi ulipo.

W123 haiuliwi na injini. Inauliwa na chumvi inayomwagwa barabarani majira ya baridi, inayoingia kila kona ya bati na kukaa. Mtu anayetaka kununua gari kama hili asianze kwa boneti. Alale chini. Aanze na matundu ya jeki, manne, pembeni chini ya milango: bati la pale likiwa limefumuka, ujue sehemu yote ya jirani imeoza kwa ndani. Kisha avue zulia miguuni mwa dereva. Kisha atazame mudgadi za mbele kwa nyuma, zinapokutana na mlango, na kisahani cha betri, na kona za chini za kioo cha mbele.

Stesheni wagoni ina maradhi yake ya ziada, na ni ya ghali. Vioo virefu vya ubavuni nyuma vina mipira ambayo ikizeeka hupitisha maji. Maji hayo hayaonekani. Yanateremka ndani ya ubavu na kukusanyika chini, sehemu linaposimama tairi la spea nyuma ya kifuniko. Bati la pale linaoza kwa miaka mingi huku zulia la juu likiwa kavu. Ukingo wa chini wa mlango wa nyuma vilevile.

Langu lilikuwa na matundu ya jeki mawili yaliyooza, shimo la kiganja chini ya miguu ya dereva, na kisima cha tairi la spea ambacho bisibisi ilipita bila kusukumwa. Mudgadi moja ilikuwa imejazwa puti zamani, na puti hiyo ilikuwa nene kuliko bati lililobaki.

Sheria ya hapa haina mchezo na sehemu zinazobeba uzito wa gari: puti haikubaliki, kiraka cha gundi hakikubaliki, lazima bati jipya lichomelewe kuzunguka pande zote. Naona ni haki. Nimekata kwa grainda hadi nikafika bati linalong'aa, na kila mara shimo lilikuwa kubwa mara tatu kuliko lilivyoonekana. Vipande vya matundu ya jeki vinauzwa tayari, vimekunjwa kiwandani. Cha kisima cha spea nimekunja mwenyewe kwa nyundo juu ya gogo, mzee akielekeza kwa kidole tu. Uchomeleaji nimefanya kwa nukta fupifupi nikiruka kutoka upande mmoja hadi mwingine, maana bati jembamba likipata joto la mfululizo hujikunja kama papadi kwenye mafuta.

Baada ya kuchomelea: praima ya zinki, kuziba viungo, rangi, kisha nta inayopuliziwa ndani ya mashimo yote kwa bomba refu lenye tundu pembeni. Kiwanda chenyewe hakikuweka nta ya kutosha miaka ile. Nimezibua pia vitundu vyote vya kutolea maji, chini ya milango na pale penye mfuniko wa hewa mbele ya kioo, ambako majani ya miti yalikuwa yamegeuka udongo.

Na hapa ndipo ninapowaelewa wanaosifu gari tupu. Rafiki mwenye 280TE, ndugu wa petroli wa gari hili, iliyojaa vifaa, amekuja kutazama. Gari lake lina sanirufu, yaani dirisha la paa linalofunguka, na mifereji minne ya sanirufu inapita ndani ya nguzo na kumwaga maji ndani ya bodi, na mmoja uliziba, ukaozesha kizingiti chote cha mlango. Paa langu ni bati moja zima, na hakuna mfereji ndani ya nguzo yoyote.

Desemba. Kuwasha kwenye baridi

Nyuzi 7 chini ya sifuri. Gari linawaka, lakini kwa subira.

Plagi za kupashia moto za mwaka 1979 ni zile za waya uliojikunja, na zimeunganishwa kwa mfululizo, umeme ukipita ya kwanza ndio ufike ya pili. Moja ikikatika, zote nne zinakufa, na gari halitii hata tone. Kuanzia 1980 kiwanda kiliweka plagi za ncha ya kalamu, kila moja na waya wake, zinazopata moto kwa sekunde chache. Vifaa vya kugeuza mfumo wa zamani kuwa mpya vipo, na marafiki karibu wote wamegeuza.

Mimi nimeacha wa zamani. Ubovu wake ni rahisi kuutambua: kiashiria kisipowaka, ujue mlolongo umekatika, na kwa taa ya kupimia unafuata plagi moja moja hadi uipate iliyokufa. Plagi moja ya spea inakaa kwenye kisanduku cha dashibodi pamoja na spana yake. Mfumo mpya plagi moja ikifa gari bado linawaka kwa silinda tatu huku likitikisika, na mwenyewe anaendelea kuendesha mpaka ya pili ife. Nusu dakika ya kungoja asubuhi haijawahi kunichelewesha popote.

Dizeli ya majira ya baridi inauzwa kwenye vituo vyote huku, ile ya kiangazi ingeganda nta na kuziba filta. Nilimaliza tangi la kiangazi mapema, makusudi. Tangi ni la lita 70, na si haba.

Februari. Kile ambacho fundi bomba hakukichagua

Sasa lile jambo moja ambalo linaivunja hadithi ya gari rahisi.

Stesheni wagoni zote za W123, hata ile tupu kuliko zote, zilitoka kiwandani na mfumo wa kunyanyua nyuma kwa mafuta ya haidroliki. Haikuwa ziada ya kulipia. Mhandisi aliamua kwamba gari la mzigo lisiinue pua mbele likipakiwa, taa zikamulika mitini. Hivyo nyuma hakuna shokapu za kawaida. Mbele ya injini kuna pampu ndogo inayosukuma mafuta. Mafuta yanakwenda kwenye vali ya kimo chini ya gari, iliyounganishwa kwa kijiti na nondo inayozuia bodi kulala kwenye kona. Ukipakia mizigo nyuma inashuka, kijiti kinasogea, vali inafunguka, mafuta yanaingia kwenye miguu miwili ya nyuma, ile iliyo mahali pa shokapu, na gari linanyanyuka hadi kimo chake. Yote hayo injini ikiwa inanguruma. Ukishusha mizigo, mafuta yanarudi kwenye chupa yake. Springi za chuma zipo, ila hazibebi peke yao.

Ulaini wa safari unatoka kwenye matufe mawili ya chuma, kila moja likigawanywa ndani na utando wa mpira: upande mmoja mafuta, upande wa pili gesi ya naitrojeni. Gurudumu likipiga shimo mafuta yanasukuma utando, gesi inabanwa. Gesi ikisha kutoroka, kama ilivyotoroka kwangu, mafuta hayana pa kwenda, na mafuta hayabanwi. Nyuma inakuwa ngumu kama haina springi kabisa. Kwenye barabara za mawe za mji wa kale wa Bremen vyombo vya kahawa vilikuwa vinaruka ndani ya buti.

Binamu yangu wa Hamburg, ambaye husafirisha magari yaliyotumika kwenda Afrika Magharibi, alikuja na jibu tayari. "Kaka, ng'oa takataka yote hiyo. Weka springi nzito na shokapu za kawaida, umemaliza kwa mchana mmoja. Dakar hakuna anayejaza hayo mafuta."

Yuko sahihi kuhusu Dakar. Ninamkatalia kuhusu uani kwangu. Ukiweka springi nzito gari tupu linakaa limeinua makalio, na likipakiwa linashuka. Kile ambacho mhandisi alikikataa kinarudi. Na mfumo wenyewe ukiutazama vizuri hauna umeme wowote. Hakuna kompyuta, hakuna sensa. Ni pampu, vali, mabomba na mpira. Ni mgumu kwa sababu una sehemu nyingi, wala hauna siri yoyote.

Nimebadilisha matufe yote mawili. Nati zake zilikuwa zimeshikana na kutu kiasi kwamba nililowesha kwa mafuta ya kupenya jioni tatu mfululizo. Nimesafisha chupa, nimeweka filta mpya ndani yake, nimetoa mafuta ya zamani yaliyokuwa na rangi ya chai ya rangi, na kujaza mafuta ya haidroliki ya aina inayotakiwa. Mafuta ya breki humu ni sumu, yanakula sili zote. Nimeandika hivyo kwa rangi nyeupe juu ya chupa kwa ajili ya atakayekuja baada yangu. Bomba moja juu ya ekseli ya nyuma lilikuwa limeliwa, nimelitengenezea jipya. Mguu wa kulia unalowa kidogo kwenye sili. Unaendelea kutazamwa.

Gharama ya kazi hii imezidi ile ya injini na tapeti na filta na mipira zikijumlishwa, mara mbili. Ndani ya gari tupu kuliko yote kwenye orodha ya bei.

Lakini juzi nimepakia magunia ya saruji, nikawasha, nikasimama pembeni. Nyuma ilikuwa imelala. Ikakaa hivyo kidogo, halafu ikaanza kupanda polepole mpaka ikawa sawa na mbele. Mzee jirani alikuwa dirishani.

Machi. Ndani, na swali la kuongeza vitu

Nimevua milango yote, nimepaka grisi reli za vioo na magurudumu ya meno. Mkono wa kuzungushia mmoja ulikuwa umevunjika kichwa. Nimepata mwingine kwa bei ya chakula cha mchana. Kioo kinapanda kwa mizunguko michache tu.

Binamu tena: "Utembee na Benzi unazungusha kioo kama mtu anayesaga nyama? Mota ninazo nne gereji, nakupa." Nikamshukuru na kumwambia abaki nazo. Mota nne zina nyaya nne zinazopita ndani ya mipira ya milango, na nyaya hizo hukatika pale mlango unapopinda, zina swichi kati ya siti, chini ya vikombe vya kahawa, zina fyuzi. Kila kitu ambacho fundi bomba hakukilipia mwaka 1979 ni kazi ambayo mimi siifanyi leo. Hivyohivyo sentro loki. Kwenye magari haya haitumii umeme, inatumia uvutaji wa hewa wa pampu iliyo mbele ya injini, na pampu hiyohiyo ndiyo inayosaidia breki na ndiyo inayozima injini. Dizeli haina moto wa plagi wa kukata, kwa hiyo ukizima ufunguo, hewa huvutwa kwenye kikombe nyuma ya pampu ya dizeli na mafuta yanafungwa. Kwenye gari lenye sentro loki, mpira ukipasuka ndani ya mlango wa nyuma, mwenyewe anaweza kuzima ufunguo na injini ikaendelea kunguruma. Ikabidi afungue boneti na kubonyeza ule mkono ulioandikwa STOP. Langu lina mipira michache mno ya kupasuka. Linazima mara moja.

Dashibodi ina spidi katikati, na kulia, ambapo mtu angetazamia kuona mzunguko wa injini, kuna saa kubwa kama ya ukutani. Mizunguko unasoma kwa sikio, na kwa vialama vidogo vya I, II na III kwenye spidi vinavyoonyesha mwisho wa kila gia. Geji ya presha ya oili inaishia 3, na ukianza kutembea mshale unalala pale juu hausogei. Mshale huo ukishuka ukiwa safarini, simama.

Aprili. Barabarani

Nimelipeleka Göttingen hadi Kassel kwa barabara ya A7, penye vile vilima ambavyo madereva wa malori huvifahamu. Kwenye tambarare linakwenda 100 kwa utulivu. Kitabu kinasema mwisho wake ni 143. Sijaona haja ya kuuliza. Vilimani nimeshuka gia ya tatu na kukaa nyuma ya lori la maziwa, na hapo gari lilikuwa nyumbani kwake. Dizeli kati ya lita 8 na 9 kwa kilomita 100.

Mtetemo fulani kwenye kasi ya 80: kiungo cha mpira cha propela, kile cha nyuma karibu na difu, kilikuwa kimepasuka kuzunguka boliti. Nimebadilisha vyote viwili pamoja na mpira wa kati. Mtetemo umeisha. Mipira ya kukalia injini pia ilikuwa imelala. Mipya imeondoa ule mtikisiko wa kioo cha kutazamia nyuma ambao nilidhani ndiyo desturi ya dizeli.

Wasomaji wawili wameuliza kama ninafikiria kulipeleka nyumbani. Kenya haiwezekani, kule gari la kuingiza lisizidi miaka 8 na usukani uwe kulia. Bujumbura au Bukavu wanaendesha upande wa kulia kama huku, usukani usingekuwa taabu, lakini mipira ya vioo vya ubavuni na taa za nyuma za stesheni wagoni zinazidi kuadimika hata hapa mjini zilikozaliwa. Spea za saluni zimejaa. Za mgongo wa stesheni wagoni unazisaka. Litabaki Bremen.

Mei. Ukaguzi na namba

Mkaguzi wa TÜV, shirika linalokagua magari huku, alikaa chini ya gari muda mrefu, akagonga kila kiraka kwa kijinyundo chake. Aliuliza nani alichomelea kisima cha spea. Akatikisa magurudumu, akapima breki kwenye rola, akaliacha gari linyanyuke lenyewe kwa mzigo wa msaidizi wake aliyeketi kwenye buti. Kasoro aliyoandika ni moja: unyevu kwenye mguu wa nyuma kulia, jambo dogo, gari limepita.

Siku hiyohiyo ilifanyika tathmini ya gari la kale, ambayo inahitaji gari lifikishe miaka 30, liwe katika hali nzuri, na libaki karibu na lilivyotoka kiwandani. Hapa kukataa mota za binamu kumelipa. Sasa namba ya gari inaishia na herufi H. Kwa hesabu: dizeli ya zamani isiyo na chujio la moshi hutozwa euro 37.58 kwa kila sentimita za ujazo 100, na 2,399 zinahesabiwa kuwa mafungu 24, jumla euro 901.92 kwa mwaka. Kwa namba ya H kodi ni euro 191.73, injini iwe kubwa au ndogo. Na bila ya herufi hiyo nisingeruhusiwa kuingia katikati ya Bremen, maana mji una eneo la hewa safi ambalo dizeli ya 1979 haiwezi kupata stika yake ya kijani.

Yaliyobaki: sili za mguu wa kulia zimeagizwa. Feni ya hita inalia kama panya kwenye kasi ya kwanza, bushi zake zimekauka, na kuifikia kunahitaji kuvua kifuniko chini ya wipa. Cheni mpya imefika, iko kwenye boksi lake chini ya ngazi. Itaingizwa wiki ijayo kwa kuunganishwa na ya zamani na kuvutwa kwa mkono, mimi nikizungusha puli, mzee akishika ncha zote mbili zisilegee. Ameshasema atakuja saa mbili asubuhi na nisichelewe.